Kiungo cha moja kwa moja: anwani inayofanya kazi ya ufunguo

Anayetaka kumpa mwenzake faili kubwa kupitia intaneti ana njia mbili. Ama alipeleke faili lenyewe, ama aliweke mahali kisha apeleke anwani ya mahali hapo.

Njia ya kwanza kwa kawaida hutumia barua pepe, ambayo ilibuniwa ibebe maandishi. Mwaka 1992 ulichapishwa utaratibu uitwao MIME, unaowezesha picha, sauti na hati kupita humo zikiwa zimegeuzwa kuwa mfululizo wa herufi. Katika ugeuzaji huo kila baiti 3 huwa herufi 4, kwa hiyo faili la MB 18 husafiri likiwa na uzito wa MB 24 au zaidi kidogo. Gmail ina kikomo cha MB 25 kwa viambatisho. Na ukiwatumia watu 40, kila mmoja huwekewa nakala yake, awe anaihitaji au haihitaji.

Njia ya pili hutumia kiungo, yaani anwani ambayo kivinjari kinaweza kuifuata. Anwani hiyo ina sehemu kuu tatu: itifaki, ambayo ni taratibu za mazungumzo kati ya kompyuta mbili, mara nyingi https, jina la seva, yaani kompyuta inayohifadhi faili, na njia, inayoonyesha faili liko wapi ndani ya seva hiyo, kwa mfano /nyaraka/ripoti.pdf. Faili hupakiwa mara moja tu. Kila mwenye anwani hulipakua kwa wakati wake.

Kiungo huitwa cha moja kwa moja pale seva inapojibu kwa kutoa faili lenyewe. Huduma nyingi hazifanyi hivyo: hutoa kwanza ukurasa wenye matangazo na vitufe kadhaa vya kupakulia, na vingine kati ya hivyo ni mitego. Kwa anayenunua bando la siku, ukurasa huo ni gharama kabla hajapata alichokifuata. Kiungo cha moja kwa moja kina faida nyingine isiyosemwa sana. Seva nyingi zinakubali kuombwa sehemu tu ya faili, hivyo mtandao ukikatika baada ya MB 200, programu ya kupakulia inaweza kuendelea kutoka hapo badala ya kuanza upya.

Wepesi huu unatokana na nini? Kwa sehemu kubwa unatokana na swali ambalo seva haiulizi: wewe ni nani? Haitaki akaunti wala nywila. Aliyeshika anwani anafunguliwa, kama ambavyo kufuli hufunguka kwa ufunguo bila kujali mkono ulioushika. Ulinzi wote, basi, unategemea mambo mawili: anwani isiweze kukisiwa, na isivuje.

Kukisia ni suala la hesabu. Anwani inayoishia na jina la kawaida, kama ripoti-2024.pdf, mtu anaweza kuijaribu akaipata. Huduma makini huweka mfululizo wa herufi na tarakimu uliochaguliwa kwa bahati nasibu, na urefu wake ndio nguvu yake. Mwaka 2016 Martin Georgiev na Vitaly Shmatikov wa Cornell Tech walionyesha hatari ya kuufupisha. Walijaribu kwa kompyuta viungo vifupi vyenye alama 6 au 7 na kufikia mafaili yaliyowekwa kwenye huduma ya OneDrive ambayo wenyewe hawakuyakusudia kwa umma. Takriban asilimia 7 ya mafolda waliyoyafikia yaliruhusu hata mgeni kuandika ndani yake. Anwani ndefu isiyosomeka inaudhi macho, lakini urefu huo una kazi.

Kuvuja ni tatizo gumu zaidi, kwa sababu hakuhitaji mshambuliaji. Kiungo kilichotumwa kwa mtu mmoja husambazwa kwenye kundi la WhatsApp, hubaki katika historia ya kivinjari cha kompyuta ya duka la intaneti, na huandikwa katika kumbukumbu za seva. Mwaka 2014 Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili, ililazimika kuzima baadhi ya viungo: msomaji aliyefungua hati kivinjarini na kubofya kiungo kilichomo ndani yake aliipa tovuti aliyokwenda anwani ya hati aliyotoka. Hakuna aliyekosea hatua yoyote. Kivinjari kilifuata kawaida yake.

Kuna namna ya kumzuia hata mwenye seva asisome. Faili husimbwa kabla ya kupakiwa, yaani hugeuzwa lisisomeke bila ufunguo, na ufunguo huo huwekwa ndani ya anwani baada ya alama #. Kivinjari hakipeleki kwa seva chochote kinachofuata alama hiyo. Huduma ya MEGA imetumia mbinu hii, na Firefox Send ya Mozilla iliitumia hadi ilipofungwa mwaka 2020, baada ya wahalifu kuigeuza njia ya kusambazia programu hasidi. Usimbaji hulinda siri ya faili; haumwambii mpokeaji kama faili lenyewe ni salama.

Tena kiungo huishi kwa kadiri seva inavyoishi. Huduma ya kuhifadhi mafaili ya Megaupload ilipofungwa na mamlaka za Marekani Januari 2012, watu waliokuwa wamehifadhi humo kazi zao halali walizikosa pamoja na mali ya wizi iliyolengwa.

Kwa kuzingatia haya yote, naona kiungo cha moja kwa moja ndicho chombo bora kwa kila kinachopaswa kumfikia yeyote: mtaala, fomu ya maombi, rekodi ya kwaya, ripoti ya kijiji. Taasisi zinazoficha nyaraka za umma nyuma ya akaunti zinawaumiza wenye simu ndogo na bando dogo bila sababu. Lakini nakala za vitambulisho, vyeti vya hospitali au orodha ya wanafunzi ni taarifa binafsi, zinazolindwa na sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, na kuziacha kwenye anwani isiyouliza jina ni uzembe. Hizo zipewe kiungo chenye muda wa kuisha na nywila, nayo nywila ipitie njia nyingine, kwa mfano isomwe kwa simu. Mpokeaji akishathibitisha amelipata, faili lifutwe kwenye seva siku hiyohiyo. Nakala aliyokwisha kuipakua haitafutika, ila mlango kwa wengine utakuwa umefungwa.