Taycan ya 2020 au ya 2024? Hesabu ya mfanyabiashara wa mpakani

Katikati ya foleni ya malori pale Namanga, gari la chini, la kijivu, lenye namba za Kenya, lilisogea bila kutoa sauti. Vijana wanaobadilisha fedha waliinama kutafuta bomba la moshi. Halina. Ni Porsche Taycan ya mwaka 2020, gari la umeme tupu, na mwenyewe ni mama anayeuza vitenge kati ya Nairobi na Arusha. Jina lake hakutaka liandikwe, kwa sababu ambazo kila mfanyabiashara anazielewa.

Alikuwa na jambo linalomsumbua. Mwenzake wa biashara ameleta Taycan ya 2024, ile iliyoboreshwa, na tangu siku hiyo dalali hampi nafasi ya kupumua. Ofa ni hii: atoe gari lake, aongeze shilingi milioni sita za Kenya, achukue jipya. Fedha hizo anazo. Lakini ni mtaji wa mzigo wa Desemba, na mwenye duka anajua Desemba ikikupita bila mzigo, Januari hukukuta umekaa mlangoni ukihesabu wapita njia.

Tulikaa na kalamu. Nayaandika tuliyoyapata kwa sababu si yeye pekee. Magari ya kifahari ya umeme yaliyotumika yanaingia kupitia Mombasa, na mengi hutoka Uingereza kwa sababu kule usukani uko kulia kama kwetu. Walionunua yale ya kwanza sasa wanaonyeshwa yale ya pili.

Tuanze na kilichobadilika. Taycan ilizinduliwa Septemba 2019 na hutengenezwa Zuffenhausen, Stuttgart. Ya kwanza, ikiwa na betri kubwa, ina takriban kilowati-saa 84 unazoweza kutumia, na hupokea umeme hadi kilowati 270 kwenye chaja ya kasi. Mwaka 2024 betri kubwa ikafika kilowati-saa 97 za kutumia, kasi ya kuchaji ikapanda hadi kilowati 320, na Porsche inasema betri hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Toleo linalokwenda mbali zaidi limepimwa kilomita 678 kwa kipimo cha Ulaya. Springi za hewa, ambazo zamani baadhi ya matoleo yalizilipia zaidi, sasa zimo kwenye magari yote. Mwili wa gari ni ule ule. Jirani asiyejua magari hataona tofauti kubwa, na hilo mama alilitaja mapema kuliko nilivyotarajia.

Kwa Mjerumani anayekimbia kutoka Stuttgart hadi Hamburg, hayo ni mabadiliko makubwa. Anasimama, anakunywa kahawa, anaondoka. Lakini dakika 18 hizo hazimo ndani ya gari peke yake. Nusu yake imo kwenye chaja. Ukichomeka gari la kilowati 320 kwenye chaja ya kilowati 50, unapata 50. Ukichomeka la zamani la 270 kwenye chaja hiyo hiyo, unapata 50 vilevile. Kuongeza kilowati-saa 40 kutakuchukua kama dakika 50, uwe umelipa milioni sita au hukulipa. Kwenye barabara ya Nairobi hadi Arusha sijaona chaja ya kilowati 320, na mama anayeipita mara mbili kwa mwezi hajaiona pia.

Kwa hiyo kasi ya kuchaji tuliifuta kwenye karatasi. Ikabaki betri kubwa.

Hapa kuna kitu cha kweli. Kwa mwendo wa barabara kuu, tukikadiria gari la zamani linatumia kilowati-saa 22 kwa kila kilomita 100, litakwenda kama kilomita 380. Jipya tukalipa 20, kwa kuwa limeboreshwa, likafika 485. Nairobi hadi Arusha ni takriban kilomita 270. Magari yote mawili yanafika bila wasiwasi. Kwenda na kurudi ni 540, na hakuna linaloweza bila kuchaji. Yaani kwa safari yake ya kila siku ya biashara, lile la zamani na lile jipya yanadai kitu kimoja: mahali pa kuchomekea usiku Arusha.

Safari ya Mombasa ndiyo inayoyatenganisha, nayo huifanya anapofuata kontena. Ni kama kilomita 485. La zamani lazima lisimame njiani. Jipya, kwa hesabu yetu, linafika likiwa limekwisha kabisa, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili atalijaribu. Na kurudi ni habari nyingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kupandisha gari la tani 2.3 kutoka ufukweni hadi kimo hicho hula takriban kilowati-saa 11, mbali na zile za kusukuma gari mbele. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kile betri kubwa ilichoongeza, imeliwa na mlima tu. Kwa hiyo kwa Mombasa pia atasimama, ila mara chache zaidi na kwa utulivu zaidi. Ni faida, lakini kwa safari nne au tano kwa mwaka.

Umeme wenyewe je? Wengi hudhani gari jipya litajilipa kwa kuokoa. Tuliandika kilomita 20,000 kwa mwaka. Tofauti ya kilowati-saa mbili kwa kila kilomita 100 inakuwa kilowati-saa 400. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa magari mwaka 2023: shilingi 16 kwa kilowati-saa, na 8 kwa saa za usiku matumizi yanapopungua, kabla ya kodi na tozo. Kwa ile ya juu, akiba ni shilingi 6,400 kwa mwaka mzima. Mama alicheka. Hela hiyo, alisema, haitoshi chakula cha vijana wanaompakulia mzigo siku moja.

Akiba kubwa alishaipata alipoacha petroli. Kujaza betri ya kilowati-saa 84 kwa shilingi 16 ni kama 1,350, tena kabla ya kodi. Gari kubwa la petroli linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100 lingehitaji lita 45 hivi kwa umbali huo huo. Kwa shilingi 180 kwa lita, ni zaidi ya 8,000. Hiyo ndiyo hatua iliyobadilisha daftari lake. Hatua ya pili haina nguvu hiyo.

Sasa upande wa kodi, ambao madalali huuruka kama shimo la barabarani. Uingereza, Taycan za 2020 na 2021 zinauzwa leo kwa chini ya nusu ya bei zilipokuwa mpya, na mtu akiona bei hizo mtandaoni macho humtoka. Lakini Kenya haitozi kodi kwa bei uliyolipa. Mamlaka ya mapato huchukua bei ya rejareja ya gari likiwa jipya, kama ilivyo kwenye orodha yake, kisha hupunguza kulingana na umri. Kadiri gari linavyokuwa la karibuni, punguzo huwa dogo. Juu ya thamani hiyo huja ushuru wa forodha, juu yake ushuru wa bidhaa, ambao kwa magari ya umeme ulishuka mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10, na juu ya vyote VAT ya asilimia 16. Tanzania, Uganda na Rwanda VAT ni 18. Kodi inapanda mgongoni mwa kodi. Kwa hiyo sehemu nzuri ya milioni sita zile hainunui betri wala kiti. Inanunua ule upya wa gari machoni pa forodha, na upya huo unapungua kila mwaka.

Na lile la zamani litakwenda wapi? Mama alidhani atalivusha na kuliuza Arusha au Kampala, kama anavyovusha bidhaa nyingine. Usukani unafaa, kwa kuwa Tanzania na Uganda wanaendesha kushoto kama Kenya. Ila Taycan si bidhaa yenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mnunuzi wa upande wa pili atatakiwa kulipa kodi za kwake upya, hata kama Kenya ilishalipwa. Kigali, ambako tangu 2021 magari ya umeme yalipewa msamaha wa kodi ambao wengi wetu tungeutamani, wanaendesha kulia na wanataka usukani wa kushoto. Soko lake, kwa kweli, ni Kenya. Na mnunuzi wa Kenya ana njia nyingine: sheria ya miaka minane inamruhusu kuagiza mwenyewe gari lililosajiliwa mara ya kwanza 2020 hadi mwisho wa 2027. Dalali anayajua haya yote, ndiyo maana bei anayompa mama kwa gari la zamani ni ndogo. Milioni sita si tofauti ya magari mawili tu. Ndani yake imo haraka ya muuzaji asiye na soko lingine.

Kuna sababu ya kweli ya kubadilisha, nisimnyime dalali haki yake. Betri ya Taycan ina waranti ya miaka minane au kilomita 160,000, kwamba uwezo wake hautashuka chini ya asilimia 70. Gari la 2020 waranti yake inaisha 2028. Baada ya hapo betri ikileta shida ni mfuko wako. Na kwa gari lililoagizwa kutoka nje ya mkondo wa wakala rasmi, jibu la waranti hupatikana kwa maandishi, si kwa maneno ya mtu aliyeliuza. Ndiyo maana kabla ya kufikiria la pili, mama anatakiwa alijue la kwanza: apime betri imebakiza uwezo kiasi gani, na apate karatasi. Kama imebaki asilimia 90 na zaidi, ana gari la kumvusha miaka kadhaa. Kama ni 78, mazungumzo yanabadilika.

Karatasi hiyo iambatane na nyingine mbili, zote hupatikana kwa namba ya chesisi. Mwaka 2024 Porsche iliyaita magari ya Taycan duniani kote yarudi gereji kwa ajili ya mipira ya breki za mbele. Baadhi ya yale ya kabla ya maboresho yaliitwa pia kwa hatari ya hitilafu ndani ya betri, na wenye nayo waliambiwa wasichaji zaidi ya asilimia 80 hadi yakaguliwe. Gari lililouzwa Uingereza likapandishwa meli kabla ya kazi hiyo kufanywa, huja na deni hilo bila mtu kukwambia. Kisha kuna jambo zuri: magari ya mwanzo yalitengenezewa programu mpya bila malipo, iliyoboresha matumizi ya umeme. Mama hakujua kama lake lilishawekewa. Huenda sehemu ya anachouziwa kwa mamilioni inamsubiri bure.

Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza, niongeze tundu la kuchajia, maana limewaumiza watu. Gari la Uingereza na Ulaya linakuja na tundu la CCS2, gari la Japani na CHAdeMO, la China na GB/T, na la Marekani lina umbo lake jingine. Dubai utayakuta yakichanganyika kwenye yadi moja. Piga picha tundu kabla ya kutuma hela.

Kabla hatujaachana, mama alitaja jambo ambalo halimo kwenye hesabu. Tangu anunue gari hili, watu wa mizigo Mombasa humpa nafasi ya mbele na wateja wakubwa humkopesha kwa muda mrefu zaidi. Anaogopa mwenzake mwenye jipya akimpita, heshima hiyo ihame. Sikumdharau. Biashara ya mpakani hukopeshana kwa kuaminiana, na gari ni sehemu ya sura ya mtu. Nilimuuliza tu kama kati ya wanaomkopesha yupo anayeweza kutofautisha ya 2020 na ya 2024 kwa kuitazama. Alifikiri. Yupo mmoja, akasema, yule mwenzake.

Foleni iliposogea alikuwa ameshampigia simu mwenye nyumba ya wageni anakolala Arusha, akiuliza kama ana umeme wa fezi tatu na kama atamruhusu afunge chaja ya ukutani ya kilowati 11, kwa gharama yake, yenye mita yake. Kwa chaja hiyo betri tupu hujaa kwa saa nane au tisa. Kwa soketi ya kawaida anayotumia sasa ni siku moja na nusu. Mwenye nyumba alitaka kujua mita italipwaje. Dalali alipiga mara mbili wakiwa bado wanazungumza, na hakupokelewa.