Kumwombea Mtoto Uraia wa Uingereza kwa Posta

Miongoni mwa watu wetu waliohajiri kwenda Uingereza, kutoka Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, Dar es Salaam na Nairobi, imeenea itikadi moja ambayo imewatia wazazi wengi hasarani: kwamba mtoto aliyezaliwa London au Leicester, akaandikwa katika daftari la vizazi na kupewa cheti cha serikali chenye jina lake na la wazazi wake, amekwisha kuwa raia wa nchi ile kwa sababu ndiko alikozaliwa. Itikadi hiyo haikuzuka bure, kwa maana ilikuwa kweli mpaka usiku wa tarehe 31 Desemba 1982, na aliyezaliwa usiku huo, ukiwatoa watoto wa mabalozi na wachache mithili yao, alizaliwa raia. Kesho yake, tarehe 1 Januari 1983, Sheria ya Uraia wa Uingereza ya mwaka 1981 ilianza kutumika, na tangu siku hiyo ardhi peke yake haimpi mtu uraia. Mtoto huzaliwa raia ikiwa mmoja wa wazazi wake, siku ile ya kuzaliwa kwake, ni raia wa Uingereza au ana idhini ya kukaa huko bila ya kikomo. Wasipokuwa na hadhi hiyo wote wawili, cheti cha kuzaliwa huthibitisha mahali na siku, wala hakithibitishi zaidi ya hayo.

Sheria hiyo ilikuwa ukomo wa mwendo mrefu uliowagusa watu wa Afrika ya Mashariki kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Sheria ya mwaka 1948 ilikuwa imewafanya wenyeji wa Uingereza na wenyeji wa makoloni yake kuwa raia wa daraja moja. Lakini Wahindi wa Kenya waliobaki na pasi za Kiingereza baada ya uhuru walipoanza kuingia London kwa wingi, Bunge la huko lilipitisha sheria ya mwaka 1968 kwa muda wa siku tatu tu, likawazuia wenye pasi hizo wasiingie kwa haki, isipokuwa wale ambao wao wenyewe, au mzazi, au babu au bibi, walikuwa na asili katika visiwa vile. Ikawa nasaba ndiyo inayoulizwa mlangoni. Wazanzibari waliofika Uingereza baada ya mapinduzi ya 1964, ambao Sultani Jamshid aliyekaa Portsmouth zaidi ya nusu karne alikuwa mmoja wao, walizaa huko watoto ambao uraia wao haukuhitaji fomu wala stempu. Ndugu zao waliowafuata katika miaka ya themanini na tisini walizaa katika hospitali zile zile, na watoto wao wakahitaji vyote viwili.

Mtoto aliyezaliwa Uingereza wakati wazazi wake walikuwa wanafunzi, au wafanyakazi wa muda, au waomba hifadhi waliokuwa bado wanangoja jawabu, hakufungiwa njia. Kifungu cha 1(3) cha sheria ya mwaka 1981 kinasema kwamba mmoja wa wazazi akipata uraia au ukaazi usio na kikomo baada ya kuzaliwa mtoto, mtoto huyo ana haki ya kuandikishwa kuwa raia, madhali hajatimiza umri wa miaka 18. Neno lililotumika hapo ni haki, na msomaji alitie moyoni, maana mwenye kustahiki namna hiyo haombi fadhila: akithibitisha kuzaliwa kwake na hadhi ya mzazi wake, na ikiwa amefika miaka 10 asiwe na doa katika mwenendo wake, Waziri wa Mambo ya Ndani hana nafasi ya kumwambia hapana. Ombi hilo huandikwa katika fomu iitwayo MN1, nayo yaweza kujazwa kwa mtandao au kupelekwa kwa posta.

Fomu hiyo hiyo ya MN1 hutumiwa pia kwa watoto wasio na haki ya moja kwa moja, ambao kifungu cha 3(1) kinampa Waziri hiari ya kuwaandikisha aonapo inafaa, kama vile mtoto aliyezaliwa Tanga akachukuliwa mdogo kwenda kwa wazazi wake Birmingham, akasomea huko na kukulia huko. Hapa mambo hugeuka. Waziri hutazama kama mustakabali wa mtoto umo Uingereza, wazazi wake wana hadhi gani, na muda wa kukaa kwake huko; na mzazi hana budi kuandika barua ya kueleza, kwa utulivu na kwa ushahidi, kwa nini mtoto huyu maisha yake ni ya huko. Nimeona barua za namna hii zilizojaa maombi na kumtaja Mungu katika kila mstari, na ndani yake hamna hata jina la skuli ya mtoto. Maombi yana mahali pake. Karani wa Wizara ya Mambo ya Ndani atakaye kujua mtoto anasoma wapi, ni nani daktari wake, na ndugu zake wana uraia gani, hawezi kuyapata hayo katika dua.

Iko njia ya tatu, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote kwa wale inaowahusu, na ambayo haijulikani kadiri inavyostahili. Kifungu cha 1(4) kinampa haki ya kuandikishwa kila aliyezaliwa Uingereza akaishi humo miaka 10 ya mwanzo ya maisha yake, bila ya kuwa nje ya nchi zaidi ya siku 90 katika mwaka wowote wa miaka hiyo. Hadhi ya wazazi haiulizwi: wawe na idhini, wasiwe nayo, idhini iwe imekwisha, haki ni ya mtoto mwenyewe. Wala haina ukomo wa umri, hata mtu mzima wa miaka thelathini aweza kuidai. Fomu yake ni nyingine, nayo huitwa T.

Ugumu wa njia hii ni ithibati. Inampasa mwombaji aonyeshe alikuwa wapi katika kila mwaka mmoja wa miaka ile kumi, na familia isiyokuwa na desturi ya kuhifadhi karatasi hujikuta ikitafuta habari za kitoto kichanga kilichokwisha kuwa kijana mwenye ndevu. Kwa miaka ya mwanzo, ushahidi mzuri ni kile kitabu chekundu cha kliniki ambacho kila mzazi wa Uingereza hupewa mtoto anapozaliwa, ambamo wauguzi huandika uzito, urefu na chanjo pamoja na tarehe zake. Kina mama wengi hukitupa mtoto anapoanza skuli, nami nawasihi wasikitupe. Kwa miaka ya baadaye, barua ya mwalimu mkuu yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka, ripoti za masomo na maandishi ya daktari hutosheleza. Zile siku 90 nazo zina hadhari yake. Mtoto aliyepelekwa Pemba kwa bibi yake likizo ya kiangazi, bibi akaugua, safari ikarefushwa mpaka Novemba, huenda amevuka mpaka wa sheria bila ya mtu kutambua. Na ingawa Waziri ana hiari ya kusamehe siku zilizozidi, msamaha huo huombwa kwa sababu na vielelezo, kama vile cheti cha hospitali cha bibi na tikiti za ndege.

Kuna jambo la ndoa ambalo mwenye kuandika juu ya watu wetu hawezi kulipita kimya. Kwa mtoto aliyezaliwa tangu tarehe 1 Julai 2006, hadhi ya baba huhesabiwa hata kama hakumwoa mama kwa mujibu wa sheria za Uingereza, ilimradi ubaba uthibitishwe. Basi nikaha ya msikitini isiyoandikishwa serikalini haimzuii mtoto. Walakini sheria ile ile inasema kwamba ikiwa mama, siku ya kuzaa, ana mume anayetambulika kisheria, mume huyo ndiye baba wa mtoto katika mambo ya uraia. Mwanamke aliyeolewa Mombasa kwa ndoa halali, kisha akapewa talaka ya mdomo London, akakaa eda, akaolewa na mwingine na kuzaa naye, ni mtalikiwa mbele ya shehe wake, ilhali mbele ya sheria ya Uingereza, isiyotambua talaka yoyote iliyotolewa ndani ya nchi hiyo pasipo mahakama, yeye bado ni mke wa yule wa kwanza. Mtoto aweza kuwa sura ya baba yake mtupu, na baba huyo awe na pasi ya Kiingereza mfukoni, na bado fomu isipite kwa urahisi. Aliye katika hali hiyo na amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua stempu.

Bahasha yenyewe haina siri. Ndani yake huwekwa fomu iliyojazwa kwa wino mweusi, cheti cha kuzaliwa kirefu chenye majina ya wazazi wote wawili, pasi ya mtoto ikiwa anayo, hati ya hadhi ya mzazi, cheti cha ndoa kama kipo, idhini ya wazazi, na malipo ya ada. Kwa miaka mingi anwani ya kupelekea imekuwa ya mji wa Liverpool, lakini anwani hubadilika, basi isomwe katika mwongozo wa mwaka ule ule. Hati isiyo ya Kiingereza, tuseme cheti cha ndoa cha Kiswahili au cha Kiarabu, hufuatana na tafsiri iliyothibitishwa. Baada ya kupokelewa, Wizara humwandikia mzazi ampeleke mtoto apigwe picha na, akiwa na umri wa miaka mitano au zaidi, achukuliwe alama za vidole. Kisha hungojewa jawabu, ambalo kwa kawaida hutoka katika miezi sita.

Panapoleta taabu zaidi ni pa wadhamini. Wanatakiwa wawili, wasiokuwa jamaa za mtoto wala jamaa wao kwa wao, wala asiwe mmojawapo mwanasheria anayesimamia ombi. Mmoja awe mtu aliyemhudumia mtoto kwa kazi yake, kama mwalimu, muuguzi wa watoto au mtumishi wa ustawi wa jamii, na imamu wa msikiti au padri hukubaliwa pia. Wa pili aghalabu awe na pasi ya Uingereza. Familia zinazokaa peke yao, zisizozungumza na jirani wala kufika skuli siku ya wazazi, hapa ndipo zinapoona gharama ya upweke huo.

Ama ada, sina neno la upole juu yake. Mwaka 2018 ilikuwa pauni 1,012, ilhali gharama ya serikali ya kulishughulikia ombi moja ilikuwa pauni 372, kama ilivyobainika mahakamani. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Waziri aliiweka ada hiyo pasipo kuzingatia maslahi ya watoto, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono hukumu hiyo mwaka 2021. Mahakama ya Juu, mwezi Februari 2022, ilisema kwamba hata hivyo Bunge limempa Waziri mamlaka ya kutoza kiasi kilichozidi gharama. Tunda la mashauri hayo lilipatikana mwezi Juni 2022, mtoto ambaye familia yake haimudu kulipa aliporuhusiwa kuomba kusamehewa, na yule anayelelewa na serikali ya mtaa alipoondolewa ada kabisa. Wengine walipandishiwa mwezi Oktoba 2023 hadi pauni 1,214. Kumlipisha mtoto ziada juu ya kitu ambacho sheria yenyewe inakiita haki yake ni dhuluma, hata ikiwa imepitishwa na Bunge. Na familia zenye watoto wanne, ambazo kwetu si chache, hulazimika kuchagua nani aandikwe mwaka huu na nani angoje.

Kabla ya yote mzazi aulize pia upande wa nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakubali uraia wa nchi mbili, na mtoto wa Mkenya ni Mkenya popote azaliwapo. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wake pamoja na wa nchi nyingine, kwa hiyo kijana atakuja kulazimika kuchagua, na ni insafu aelezwe mapema.

Lililobaki ni tarehe. Kwa fomu ya MN1, ombi huhesabiwa kuwa limeletwa siku linapopokelewa na Wizara, wala si siku ya kuandikwa au ya kutiwa katika sanduku la posta. Likifika siku moja baada ya mtoto kutimiza miaka 18, haki ya kifungu cha 1(3) imekwisha, na kijana atabaki na njia za watu wazima zilizo ndefu na ghali zaidi. Litumwe basi kwa posta yenye stakabadhi na nambari ya kulifuatia, nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani, na lisingoje mwaka wa mwisho. Ambaye mtoto wake amekwisha kufika miaka 17 na ana haki hiyo, aijaze fomu wiki hii.