Lozells: Kwa nini kuhesabu watu hakutoshi

Mtaa wa Lozells, jijini Birmingham, ni miongoni mwa maeneo ya Uingereza yenye wakazi wa asili nyingi mbalimbali.

Katika barabara moja huishi watu wenye asili ya Pakistan, Bangladesh, India na visiwa vya Karibiani, pamoja na familia zilizotoka Somalia na nchi nyingine za Afrika.

Kwa wanaopanga huduma za umma, swali ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: nani anahitaji nini?

Jibu lake huamua ni zahanati ipi itakayopewa mkalimani, nyumba zipi zifae familia kubwa, na kituo kipi cha vijana kibaki wazi.

Wajibu wa kisheria

Utafiti wa mahitaji ya jamii za wachache si hisani ya watawala, bali unatokana na sheria iliyozaliwa na msiba.

Mwaka 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa na vijana wazungu mjini London. Mwaka 1999, uchunguzi ulioongozwa na Sir William Macpherson ulisema polisi wa London walikuwa na ubaguzi wa rangi uliojengeka ndani ya taasisi yao.

Mwaka uliofuata bunge lilirekebisha sheria ya mahusiano ya kimbari. Taasisi za umma zikalazimika kupima jinsi maamuzi yao yanavyoziathiri jamii mbalimbali. Wajibu huo sasa umo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010.

Kisanduku kimoja, watu wengi

Chanzo cha kwanza cha takwimu ni sensa. Nchini Uingereza, swali kuhusu asili ya mtu liliulizwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 1991.

Lakini kisanduku cha "Mwafrika mweusi" humweka Msomali pamoja na Mnigeria na Mkongomani, ingawa lugha zao, dini zao na safari zilizowafikisha huko ni tofauti kabisa.

Vivyo hivyo, mtu mwenye asili ya India aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 huenda akaandikwa Mhindi tu, hata kama amekulia Kampala na anazungumza Kiswahili.

Wasomali wengi wa Birmingham hawakutoka Somalia moja kwa moja. Waliishi kwanza Uholanzi au nchi za Skandinavia, wakapata uraia, kisha wakahamia Uingereza wakiwa raia wa Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo hawakuonekana katika orodha za waomba hifadhi.

Sensa ya mwaka 2021 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kumruhusu Mwafrika mweusi kuandika asili yake mahsusi.

Kubisha hodi

Kwa sababu hiyo watafiti hulazimika kwenda mlango kwa mlango. Mwaka 1979, John Rex na Sally Tomlinson walichapisha kitabu kuhusu wahamiaji wa Handsworth, eneo linalopakana na Lozells, wakichunguza nyumba, ajira na elimu.

Njia inayotumika mara nyingi siku hizi ni kuwafunza wakazi wenyewe kuwahoji majirani zao kwa lugha wanayoielewa.

Njia hiyo ina mitego yake. Mzee anayejitokeza kuisemea jamii yote huenda asijue shida za wanawake au vijana. Mama anayehojiwa mbele ya mumewe, au kwa kutafsiriwa na mtoto wake, anaweza kuficha ugonjwa au kipigo.

Aidha, watu huchoka kuulizwa maswali yale yale bila kuona mabadiliko yoyote.

Hatari ya kugawanya

Oktoba mwaka 2005, vurugu zilizuka Lozells kati ya vijana wenye asili ya Karibiani na wenye asili ya Asia, kufuatia uvumi wa ubakaji ambao haukuthibitishwa. Kijana mmoja aliyekuwa akirejea kutoka sinema aliuawa kwa kisu.

Miongoni mwa manung'uniko yaliyosikika ni kwamba upande mmoja ulikuwa ukipendelewa kuliko mwingine.

Mwaka 2007, tume ya serikali kuhusu utangamano ilishauri kwamba fedha za umma kwa kawaida zisielekezwe kwa kundi la asili moja pekee.

Lakini mwaka uliofuata, shirika la wanawake la Southall Black Sisters liliishitaki halmashauri ya Ealing, London, iliyotaka kubadili ufadhili wake. Halmashauri hiyo iliondoa uamuzi wake kesi ikiendelea. Ikadhihirika kwamba kutoa huduma maalumu kwa wanaohitaji si lazima kuwe ubaguzi.

Mkoba mtupu

Suala hilo limezidi kuwa nyeti tangu Septemba 2023, halmashauri ya jiji la Birmingham ilipotangaza rasmi kwamba haikuwa na fedha za kutosha kugharimia matumizi yake. Mwaka 2024 iliidhinisha mpango wa kubana matumizi kwa takriban pauni milioni 300 katika miaka miwili.

Fedha zinapopungua, huduma ya kwanza kukatwa huwa ile isiyo na ushahidi wa kuitetea. Kwa familia ya Kisomali au ya Kikongomani huko Lozells, kutoonekana katika takwimu kunaweza kumaanisha kukosa mkalimani siku ya kumwona daktari.