Mwalimu wa Kijijini na Deni Lisiloandikwa

Ni vigumu kuipata nyumba katika miteremko ya Kilimanjaro, tangu Siha mpaka Rombo, isiyokuwa na deni kwa mwalimu wa shule ya msingi. Deni hilo si la ada wala la daftari. Ni la kazi aliyoifanya baada ya kengele ya mwisho kulia: barua aliyomsomea mama mjane, hesabu ya kahawa aliyomkagulia mkulima, mfereji alioshiriki kuuzibua, na ukuta wa darasa alioujenga pamoja na wazazi siku ya msaragambo. Mshahara wake haukuitaja kazi hiyo hata mara moja. Yatupasa kulitazama deni hili sasa, kwa kuwa wako vijana wengi wanaofundisha watoto wetu kwa kujitolea tu, na baadhi yetu tumeanza kudhani kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Sivyo ilivyokuwa. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Shule zao za kwanza zilikuwa za kufundisha dini na kusoma, lakini hazikuweza kuenea mlimani bila ya walimu wenyeji. Kwa hiyo mwaka 1912 chuo cha ualimu kikafunguliwa Marangu, na wahitimu wake wakatumwa vijijini, kila mmoja na ubao wake na chaki yake.

Thamani ya walimu hao ilijulikana siku ya shida. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa Leipzig waliamriwa kuondoka nchini mwaka 1920, na hawakuruhusiwa kurejea mpaka katikati ya miaka ya 1920. Wako waliodhani kwamba shule na makanisa yao yangekufa. Hayakufa. Walimu Wachagga waliendelea kufundisha watoto, kuwaongoza waumini na kuwatazama wagonjwa. Waliyafanya hayo kwa sababu watoto waliokuwa mbele yao walikuwa watoto wa jirani zao, na jirani hafungi mlango kwa kuwa mgeni ameondoka.

Kisha ikaja kahawa. Wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Ushirika hauendeshwi kwa maneno matupu. Unahitaji mtu wa kusoma mizani, wa kuandika stakabadhi na wa kuweka kumbukumbu za mkutano. Watu hao walitoka wapi, kama si katika madarasa ya mwalimu wa kijijini? Hapana shaka kwamba debe la kahawa na kipande cha chaki vilipanda mlima huu pamoja.

Baada ya Uhuru, madaraka ya elimu ya taifa zima yaliwahi kushikwa na mwana wa Machame aliyekuwa mwalimu. Solomon Eliufoo, ambaye Wachagga walimchagua kuwa Rais wao mwaka 1960, alikuwa Waziri wa Elimu tangu mwaka 1962 hadi mwaka 1967. Mwaka huo wa 1967 ndipo Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji. Kwa mwalimu wa mlimani, aliyekwisha zoea kufundisha asubuhi na kushika jembe jioni, agizo hilo halikuwa geni sana.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwishoni mwake Mwalimu Nyerere akazitaka wilaya sita zifute ujinga wa kutokusoma kabla ya mwaka 1971 kumalizika. Kilimanjaro ilikuwa mojawapo, pamoja na Pare, Mafia na Ukerewe. Mzigo huo ulimwangukia nani? Ulimwangukia yule yule aliyekuwa amesimama mbele ya watoto tangu alfajiri, akisaidiwa na wananchi wa kujitolea.

Ndugu msomaji, tafakari kazi hiyo. Jioni walikuja kina mama waliokuwa wameshinda njiani na mizigo ya majani ya ng'ombe kutoka tambarare, na wazee ambao vidole vyao vilizoea panga kuliko kalamu. Mtoto akikosea, mwalimu humsahihisha mara moja. Mzee akikosea mbele ya mkamwana wake, mwalimu hana budi kumsahihisha kwa heshima, la sivyo kesho hatarudi. Ustadi huo wa kufundisha bila kuaibisha ulitokana na kuishi na watu, kunywa nao mbege na kuzika nao. Kwa nchi nzima, hesabu za Serikali za mwaka 1986 zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki asilimia 10 hivi. Nyuma ya hesabu hiyo ziko jioni nyingi ambazo watoto wa walimu walilala kabla baba au mama yao hajarudi nyumbani.

Hapa ndipo penye jambo tunalopenda kulisisitiza. Mwalimu yule alijitolea jioni yake, wala hakutakiwa kuyatoa maisha yake yote bure. Alikuwa na mshahara, ingawa mdogo. Aghalabu alikuwa na kihamba chenye migomba na kahawa, na alipopita njiani watu walimwamkia kwa heshima. Alikuwa amesimama mahali imara, ndiyo sababu aliweza kunyosha mkono kumvuta mwingine.

Sasa tumtazame kijana wa leo. Waraka wa Serikali wa mwaka 2015 uliondoa ada, na tangu Januari 2016 watoto wengi zaidi waliingia shuleni. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini madarasa yalijaa kuliko idadi ya walimu, na wahitimu wengi wa vyuo wamekaa miaka bila ya ajira. Baadhi yao wamekwenda shuleni wenyewe wakaomba kufundisha, wakitegemea posho ya michango ya wazazi, ambayo mwezi mmoja huja na mwezi mwingine haiji. Kusema kwamba vijana hawa hawana moyo wa walimu wa zamani ni kuwadhulumu. Moyo wanao. Wanachokosa ni mahali pa kusimama.

Basi na tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kijiji kinachompokea mwalimu wa kujitolea kimpe chumba na chakula, kama tunavyomtendea mgeni wa heshima. Kamati ya shule ipange posho yake katika mkutano wa hadhara, iiandike, na iilipe kwa wakati. Wenye mamlaka ya kuajiri waipe uzito miaka aliyofundisha, ili yule aliyekuwa wa kwanza kujitolea asiwe wa mwisho kuitwa. Na sisi tuliofundishwa tuwatembelee walimu wetu wastaafu wangali hai, maana shukrani inayosubiri matanga humfikia asiyeweza kuisikia.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Mwalimu wa Kilimanjaro amecheza kwao zaidi ya miaka mia moja, katika matope ya masika na katika baridi ya Julai. Tuzo lake la kwanza liwe haki kwa kijana anayeipokea chaki kutoka mkononi mwake.