Maumivu ya Viungo na Majonzi Yasiyo na Matanga

Katika nchi inayozunguka Ghuba ya Winam, mauti yana adabu zake. Mtu afapo, nduru hupigwa ikasikika mpaka kijiji cha pili. Wanawake hufika wakilia kwa sauti, wakimsemesha marehemu kwa jina lake, wakimlaumu kwa kuwaacha na kumkumbusha ahadi alizowawekea. Na iwapo aliyefariki alikuwa mzee mwenye hadhi, vijana huswaga ng'ombe kwa mbio, wameshika mikuki na ngao, katika ada ya Waluo iitwayo tero buru, ili kuyafukuza mauti mbali na boma. Huzuni, ghadhabu na mapenzi hutolewa hadharani, wala hapana amwonaye mliaji kuwa amepungukiwa na subira. Walakini majonzi yasiyo na maiti hayana matanga. Mke apigwaye, mjane aliyenyang'anywa shamba la mumewe, msichana aliyetendwa uovu na jamaa ambaye jina lake halitajwi nyumbani, hao hawapigiwi nduru, na aghalabu huambiwa wanyamaze wavumilie. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi kunyamaza huko kunavyoweza kuyazidisha maumivu ya mwili uliokwisha kushikwa na maradhi, na jinsi baadhi ya matabibu wa zama zetu wanavyojaribu kuyapunguza kwa kumpa mgonjwa ruhusa ya kusema.

Maradhi ninayoyakusudia ni yale ambayo kinga ya mwili, iliyoumbwa ipambane na vijidudu vya nje, huugeukia na kuushambulia mwili ule ule iliopewa kuulinda. Mashuhuri kati yake ni mawili: baridi yabisi, ambayo utando wa ndani wa viungo huvimba hata gegedu na mfupa vikaliwa, na lupasi, ambayo huweza kugusa ngozi, viungo, figo na hata moyo. Yote mawili huwaandama wanawake zaidi kuliko wanaume. Katika lupasi, takriban wagonjwa tisa kwa kila kumi ni wanawake. Mwenye baridi yabisi huamka vidole vimekakamaa, na huenda ikapita saa nzima kabla havijalegea. Msomaji aijuaye pwani ya Dunga atafahamu bila ya kuelezwa kwamba hiyo ni hasara kubwa kwa mwanamke ambaye riziki yake ni kuparua ngege, kupasua mbuta na kuanika omena kabla jua halijawa kali. Matabibu bingwa wa maradhi haya nchini Kenya ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Si ajabu, basi, mgonjwa wa kando ya ziwa akapitisha miaka akinunua vidonge vya kutuliza maumivu dukani, kabla hajampata mtu wa kumbainishia ugonjwa wake.

Lazima niseme mapema, tena kwa msisitizo, kwamba shambulio hili la kinga ya mwili halizuiwi kwa maneno. Mwaka 1948 Philip Hench, tabibu wa Mayo Clinic huko Marekani, alimdunga kotisoni mwanamke ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlemaza, na baada ya siku chache mgonjwa yule akasimama akatembea. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Madhara ya kotisoni yalidhihirika baadaye, na leo dawa ya msingi ni methotrekseti, inywewayo kwa kipimo kidogo mara moja kwa juma. Anayeiacha dawa ya namna hii kwa kutumaini kuwa mazungumzo yatamponya, viungo vyake vitaharibika, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Hata hivyo kuna jambo ambalo matabibu waliliona kwa miaka mingi pasipo kulipa heshima yake. Mgonjwa hunywa dawa, damu yake hupimwa ikaonekana shwari, uvimbe hupungua, ilhali maumivu hubaki pale pale, pengine yakaenea hata penye viungo visivyougua. Sababu yake ni kuwa maumivu hayakai kwenye kifundo peke yake. Habari za madhara husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo na ubongo, na huko ndiko ziamuliwako kuwa maumivu. Nao ubongo uliozoea taarifa za hatari kwa miaka huweza kuzikuza habari ndogo zikawa kubwa, mfano wa mbwa wa mlinzi aendeleaye kubweka hali mwizi alishaondoka. Takriban mgonjwa mmoja katika kila watano wa baridi yabisi ana hali hii kwa kiwango cha kuhesabiwa ugonjwa wa pili, faibromayalgia. Na kwa kuwa sehemu za ubongo zinazoyapima maumivu ndizo, kwa kiasi kikubwa, zinazopima hofu, hasira na msiba, jumuiya ya kimataifa ya wanachuoni wa maumivu iliamua tangu mwaka 1979, ikathibitisha tena mwaka 2020, kwamba maumivu ni jambo la hisi za mwili na la hisia za moyo kwa pamoja. Hapana haja, basi, ya kumwuliza mgonjwa kama maumivu yake ni ya kweli au ni ya mawazo. Swali hilo limewaumiza watu wengi bila ya faida.

Aliyeanza kuchunguza kwa mizani ya sayansi kama kuyatoa yaliyofichwa moyoni kwaleta nafuu ni mwanasaikolojia James Pennebaker, ambaye katika utafiti uliotangazwa mwaka 1986 aliwataka wanafunzi wa chuo waandike kwa siku nne mfululizo, robo saa kila siku, juu ya misiba waliyoificha. Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake walilijaribu zoezi kama hilo kwa wagonjwa 112 wa pumu na baridi yabisi, na baada ya miezi minne hali ya walioandika juu ya misiba yao, kama ilivyopimwa na matabibu, ilikuwa nafuu kuliko ya wale walioandika mambo ya kawaida. Ndipo Mark Lumley wa Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit, akishirikiana na tabibu Howard Schubiner, alipotunga tiba kamili ya kuzitambua na kuzidhihirisha hisia. Kwanza mgonjwa hufunzwa jinsi ubongo unavyoyakuza maumivu. Kisha huongozwa kulikumbuka tukio alilolifungia moyoni, na kumsemesha aliyemdhulumu kana kwamba yu mbele yake, kwa sauti na kwa mwili wote, hata hasira itoke. Na baada ya hasira, kama ionekanavyo mara nyingi, hufuata majuto, huzuni, na hata mapenzi yaliyokuwa yamefukiwa chini yake. Mwishowe hujifunza kusema kweli kwa watu anaoishi nao leo. Ada ya mwanamke wa Nyanza anayemlaumu marehemu kando ya jeneza haiko mbali na hayo, ila wanachuoni hawa wamempa ruhusa hiyo hata yule ambaye msiba wake haukuzikwa.

Matokeo yanastahili kuangaliwa. Katika jaribio la mwaka 2017 juu ya watu 230 wenye faibromayalgia, waliopungukiwa na nusu ya maumivu yao au zaidi baada ya miezi sita walikuwa asilimia 22.5 ya waliopewa tiba hii, dhidi ya asilimia 8.3 ya waliopewa ile tiba mashuhuri ya kurekebisha fikra na mwenendo. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya wanajeshi wastaafu 126 wa Los Angeles wenye maumivu sugu: asilimia 63 walipungukiwa na maumivu kwa thuluthi moja hivi au zaidi, dhidi ya asilimia 17 ya wenzao wa tiba ya fikra. Lakini insafu yanilazimu kutaja na upande wa pili. Wagonjwa wa baridi yabisi yenyewe walipojaribiwa kwa kuandika siri zao, katika utafiti wa Lumley uliotangazwa mwaka 2014, faida ilikuwa ndogo, na mafunzo ya kuyakabili maumivu yakawafaa zaidi. Kwa rai yangu, kuandika peke yako chumbani si sawa na kusema mbele ya mtu anayekusikiliza. Na mgonjwa ambaye viungo vyake vingali vinawaka ahitaji dawa kwanza, ndipo tiba ya hisia iyashughulikie maumivu yanayosalia.

Je, tiba hii yawezekana Kisumu, kando ya Ghuba ya Winam? Mji huu una majonzi mengi yasiyosemwa. Hospitali yake kuu, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovyeti na ambayo wenyeji wanaiita Russia mpaka leo, ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo walinzi wa Rais Kenyatta waliufyatulia umati risasi, watu wakafa. Na familia zilizofiwa zikakaa na kilio chao kwa miongo kadhaa bila ya baraza la kuzisikiliza. Lakini mji huu huu umekwisha kutoa ushahidi kwamba tiba ya mazungumzo haihitaji jeshi la mabingwa. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwaandikisha wanawake 256 waishio na virusi vya ukimwi ambao walikuwa wametendewa ukatili, wengi kwa mikono ya waume zao. Na watu wa kawaida, wasio matabibu wa akili, waliofunzwa kazi hiyo, wakakaa nao kwa vikao 12 vya kila juma, wakiyazungumza mambo ya msiba, magomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba sonona na athari za kiwewe zilipungua sana, na hata kupigwa nyumbani kukapungua. Kabla ya hapo, mwaka 2002, wanavijiji wa Masaka na Rakai upande wa Uganda walikuwa wamekutana kwa makundi kwa tiba ya aina hiyo hiyo, na baada ya majuma 16 waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5 tu, hali katika vijiji visivyopewa tiba walikuwa asilimia 54.7.

Majaribio hayo hayakukusudia maumivu ya viungo, na ndilo pengo ninalolilalamikia. Kenya iliwatangaza wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Maseno kinawafunza matabibu karibu na mlango wa hospitali kuu, na wagonjwa wapo. Nawaomba wakuu wa afya wa kaunti za ziwa na wanachuoni wa Maseno na KEMRI walijaribu jambo hili kwa wenye baridi yabisi na lupasi, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, pamoja na dawa wala si badala yake. Nawe msomaji, ukiwa na mama au dada ambaye vidole vyake vimevimba, mpeleke hospitali apimwe damu, hakikisha anameza dawa zake, kisha ukae naye umwulize ni nini kilichompata, na akianza kulia usimwambie anyamaze.