Kipindupindu: Kwa Nini Maji ya Chumvi na Sukari Huokoa Maisha

Bado wapo watu wanaoamini kwamba mtu anayeharisha asipewe maji, eti kila anachokunywa kinatoka tena, afadhali tumbo lipumzike. Imani hii ni ya hatari sana, hasa kwa watoto. Mwezi huu tunapenda kueleza kijidudu cha kipindupindu kinafanya nini ndani ya utumbo. Tukielewa hilo, tutaelewa pia kwa nini mgonjwa lazima anyweshwe.

Vijidudu hupashana habari

Kipindupindu huletwa na bakteria mwenye umbo lililopinda kama alama ya mkato. Kijidudu hiki hakina macho wala masikio, lakini kinaweza kujua kama kiko peke yake au kiko na wenzake wengi. Kila kimoja hutoa kemikali kidogo kidogo katika maji yanayokizunguka. Vikiwa vichache, kemikali hiyo hupotea. Vikizidi, kemikali hujaa na vyote huitambua. Ni kama moshi wa kuni: jiko moja halijulikani kwa mbali, lakini kijiji kizima kikipika, moshi hutanda na kila mtu huuona.

Jambo hili wataalamu wa Marekani walilieleza mwaka 1970 walipochunguza bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Bakteria hao wakiwa wachache hawawaki. Wakishakuwa wengi, huwaka kwa pamoja. Nao ni wa ukoo mmoja na kijidudu cha kipindupindu.

Kijidudu cha kipindupindu hutumia habari hiyo kwa namna yake. Vikiingia tumboni vikiwa bado vichache, hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kutengeneza sumu. Vikishajaa, kemikali yao huviamuru kuacha kutengeneza sumu, kujibandua na kutoka pamoja na choo. Hapo huwa tayari kuingia katika kisima au mto na kumpata mtu mwingine. Ndiyo maana choo cha mgonjwa ni hatari kubwa kwa jirani.

Sumu huharibu amri ya seli

Seli za utumbo wetu nazo hufanya kazi kwa amri. Ikitakiwa kulainisha chakula, seli hupata ujumbe, hutoa chumvi kidogo, na maji huifuata chumvi. Kazi ikiisha, ujumbe huzimwa na seli hutulia.

Sumu ya kipindupindu huingia ndani ya seli na kuzuia ujumbe huo usizimwe. Seli haifi, lakini inaendelea kutoa chumvi na maji bila kusimama, kama bomba lililokwama likiwa wazi. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Choo chake hufanana na maji yaliyooshea mchele. Asiporudishiwa maji, anaweza kufa katika saa chache.

Mlango uliobaki wazi

Lakini sumu hiyo haigusi mlango mwingine ulio katika seli zilezile. Mlango huo huingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na maji hufuata. Chumvi peke yake haitoshi, na sukari peke yake haitoshi. Zikiwa pamoja kwa kipimo sahihi, maji huingia mwilini hata kama kuharisha kunaendelea.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwashika wakimbizi waliokuwa India. Dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari. Vifo kambini hapo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Seli za utumbo hubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache. Kwa hiyo kazi yetu ni kumlinda mgonjwa asikaukiwe katika siku hizo.

Tufanye nini?

1. Mgonjwa akianza kuharisha, aanze kunywa mara moja. Pakiti ya dawa ya chumvichumvi kutoka zahanati ndiyo bora. Fuata maelezo yaliyo juu ya pakiti.

2. Kama pakiti haipo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visijae kilima. Chumvi ikizidi ni hatari. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe.

3. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya.

4. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya bila kuchelewa, hasa akilegea, macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa. Huenda akahitaji dripu. Njiani endelea kumnywesha maadamu anaweza kumeza. Mtoto hupewa pia vidonge vya zinki.

5. Tuchemshe maji ya kunywa au tuyatie dawa ya klorini. Tutumie choo, na tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni. Wapo wanaobeba kijidudu bila kuugua, nao pia hukitoa kwa choo.

Akina mama na akina baba, sukari na chumvi zimo jikoni mwetu. Kipimo hiki tukijifunze leo, tuwafundishe na watoto wakubwa, ili asiwepo mgonjwa wa kufa kwa kiu ndani ya nyumba yenye maji.