Kanyabayonga: kuhesabu maneno mbele ya kutoa tangazo

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Congo, wengi wao upande wa Beni na Butembo. Wakati ule, matangazo mengi yalikuwa ya Kifaransa ao Kiswahili cha vitabu, na wakaaji wengi hawakuyaelewa vizuri.

Huko Kanyabayonga, kusini mwa Lubero, Kiswahili kinakutana na Kinande, Kihunde na Kifaransa. Anayeandika tangazo la afya anaweza kulipima kwa programu ndogo ya kompyuta, yenye mistari michache tu. Inageuza herufi zote kuwa ndogo, inaondoa alama, inatenganisha maneno, kisha inaandika kila neno mara moja. «Nawa mikono na sabuni, nawa mikono mbele ya kula» ina maneno 9, lakini yaliyo tofauti ni 7.

Orodha hiyo fupi inasomewa wamama wa sokoni. Neno wasilolijua linabadilishwa.

Programu ina mpaka wake: kwake «ninanawa» na «tunanawa» ni maneno mawili mbalimbali. Kompyuta inahesabu, kuelewa ni kwa wakaaji wenyewe.